Kuvuta migono kwa mikono: mwongozo kamili kwa marafiki wenye boti ndogo Mwanza

Wageni kutoka Dar na Tanga hutuuliza kama Ziwa Victoria lina kamba wa kutegwa kama wale wa baharini. Wa kujaza sahani hakuna. Aliyepo ni uduvi wa maji baridi, mdogo kiasi kwamba akifika sentimita mbili na nusu huyo ni mkubwa wao. Huingia kwenye nyavu za dagaa, mwisho wake ni chakula cha kuku. Huko ng'ambo watu wanaotega kamba wa bahari kwa burudani hushusha mitego hadi mita 60, mita 100 na zaidi, na wengi wana winchi. Sisi tunategea kambale, gogogo, kamongo na ningu kwa migono, yaani mitego ya kizimba yenye mdomo wa faneli, kwenye kina cha mita nne mpaka nane, na winchi yetu ni mikono.

Kina kifupi kisikudanganye. Jiwe la kilo tatu likiwa majini mkono unalipokea kama kilo mbili hivi, na samaki akiwa majini karibu hana uzito kabisa. Kwa hiyo mgono unapanda vizuri, watu wanacheka, halafu unagusa uso wa maji na ghafla kila kitu kinarudi na uzito wake: mawe, fremu, wavu uliolowa, tope na samaki. Wakati huohuo kila mtu kwenye boti anataka kuona kilichomo, na wote wanakimbilia upande mmoja. Hatari yote ya kazi hii iko kwenye nusu mita hiyo ya mwisho, na karibu kila nitakachoeleza hapa kinalenga kuifanya ipite salama.

Ruhusa kwanza

Kutega kwa kujifurahisha Jumamosi hakukutoi kwenye sheria. Nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, Ilemela au Nyamagana, umweleze chombo chako, aina ya mtego na unapotaka kutega. Atakuambia leseni inayokuhusu, maana uvuvi wa burudani una utaratibu wake, na atakuonyesha maeneo ya mazalia yasiyoguswa. Boti yenyewe iwe imesajiliwa na kukaguliwa. Vyombo vidogo viko chini ya TASAC, Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Kisha pita mwaloni, wanakoshushia samaki, uwasalimie BMU wa eneo hilo, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi hapo. Wengine huona kupita huko ni kupoteza muda. Mimi naona ndiyo ulinzi wa kwanza wa migono yako, kwa sababu wizi wa zana upo ziwani, na mgono wa mtu anayejulikana hauguswi ovyo kama wa mtu asiyejulikana.

Kisiwa cha Saanane na maji yake ni hifadhi ya taifa tangu 2013, usisogee hapo na mtego. Epuka pia njia ya kivuko cha Kamanga na njia za meli na boti za Ukerewe. Boya lako likikatwa na propela ya kivuko, wa kulaumiwa ni wewe.

Mgono wenyewe

Ile ya asili ya fito na matete bado inasukwa, na inafanya kazi. Kwa boti ya marafiki napendelea fremu ya nondo nyembamba ya milimita 6 iliyochomelewa, urefu mita moja, upana sentimita 50 hivi, ikavalishwa wavu. Mdomo uwe mmoja au miwili, unaoingia ndani ukipungua kama faneli, na tundu la ndani litoshe ngumi ya mtu mzima. Matundu ya wavu yawe makubwa kiasi cha kupitisha vidole vitatu bila kubana, ili furu na vifaranga vya sato vitoke vyenyewe kabla hujafika. Samaki mdogo aliyejitoa mwenyewe ana nafasi kubwa ya kuishi kuliko uliyemmwaga kwenye sakafu ya boti ukamrusha majini baada ya dakika tano.

Mlango wa kutolea samaki ufunge kwa uzi wa katani, nailoni usiiguse. Sababu ni hii: mgono uliopotea hauachi kuvua. Samaki anaingia, anakufa, anakuwa chambo cha mwingine, na mzunguko huo unaweza kwenda miezi. Katani huoza majini, mlango unafunguka wenyewe, mtego unabaki kuwa chuma tu. Wategaji wa kamba wa bahari katika baadhi ya nchi hulazimishwa na sheria kuweka uzi unaooza. Nchi inayolima katani kama yetu haina kisingizio.

Mawe funga mawili, moja kila upande wa chini, ili mgono ukae wima usibiringike. Mwanza hatukosi mawe. Chagua yasiyo na kingo kali zinazokata kamba.

Kamba na boya

Hapa watu hubana senti wakaumia. Kamba nyembamba ya milimita 4 inabeba uzito wote huo bila shida, ila inakula viganja. Nunua ya milimita 8 hadi 10, si kwa ajili ya nguvu, kwa ajili ya mkono. Urefu uwe mara moja na nusu ya kina: kina cha mita sita, kamba mita tisa. Ukipunguza, wimbi linainua boya na boya linauburuta mgono. Ukizidisha, kamba inayoelea inasubiri propela ya mtu. Ile ya plastiki tunayoiita manila huelea, kwa hiyo ifunge kijiwe cha ukubwa wa yai mita mbili chini ya boya, kipande cha juu kizame.

Boya zuri ni dumu la lita 5 lenye kifuniko kinachobana, lililopakwa rangi ya chungwa. Dumu jeupe asubuhi yenye mawimbi hulioni mpaka uligonge. Andika namba ya chombo na namba ya simu kwa rangi ya mafuta.

Kila mgono uwe na kamba yake na boya lake. Najua wapo wanaounganisha minne kwenye kamba moja ndefu ili kupunguza maboya. Wavuvi wa kazi wanajua wanachofanya. Kwa watu wanaotoka wikiendi, kamba ndefu yenye mitego minne ni minne ya kukwama kwenye jiwe moja.

Wapi na saa ngapi

Tengeneza kipimo cha kina: kamba yenye fundo kila mita, mwishoni jiwe bapa. Chini ya jiwe paka grisi kidogo. Ukilishusha na kulipandisha, fundo zinakuambia kina, na grisi inakuletea sampuli: mchanga, tope, au haina kitu, maana yake umegonga mwamba. Kambale na gogogo tafuta penye tope lililochanganyika na mchanga. Pembezoni mwa mafunjo na matete pana kamongo na kambale wengi, lakini pana pia viboko na mamba, na mara nyingi ndipo samaki wanapozalia. Kaa mbali na ukingo wa majani, angalau mita 50, na ukiona kiboko hata mmoja badilisha mahali bila majadiliano.

Usitamani kina kirefu. Msimu wa joto, kuanzia Septemba mpaka Aprili, maji ya ziwa hujipanga matabaka, na ya chini kabisa sehemu zenye kina hubaki na oksijeni kidogo mno. Samaki huru anahama. Wa kwenye mgono hana pa kwenda, utamkuta amekufa na amevimba. Ghuba ya Mwanza haina kina kirefu, kwa hiyo tumia mita zako nane kwa raha.

Upepo una ratiba. Usiku hutoka nchi kavu kwenda ziwani, mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja pwani, na kadiri jua linavyopanda ndivyo unavyokaza. Tega jioni kabla giza halijaingia, vuta asubuhi jua likishatoka, na saa nne uwe unarudi. Usivute gizani: wavuvi wa dagaa bado wako kazini, boya huoni, na ukianguka hakuna anayekuona. Kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini-mashariki huwa mkali siku nyingi. Miezi ya masika na vuli, mvua za radi huja alfajiri kutoka katikati ya ziwa. Angalia utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, usiku uliotangulia. Ukiona wingu jeusi lenye mguu wa mvua linakuja, rudi. Migono itakusubiri mpaka kesho.

Chambo

Utumbo wa kuku, au matumbo na vichwa vya samaki kutoka soko la Kirumba, vikiwa vimelala usiku mmoja. Vitie kwenye mfuko wa wavu uliofungwa katikati ya mgono, visiguse ukuta, la sivyo samaki watakula wakiwa nje. Wapo wanaotumia vipande vya sabuni ya mche kwa kambale, na kwenye ndoano inawafaa. Kwenye mgono sioni faida yake.

Watu wanne, kazi nne

Kwa boti ya mita tano au sita, wanne wanatosha kabisa. Wa tano akaribishwe kwenye kula.

Nahodha yuko kwenye mashine na haigusi kamba kwa sababu yoyote. Mshika kulabu anakaa mbele na fimbo yake. Mvutaji yuko katikati, upande mmoja. Mpokeaji yuko nyuma ya mvutaji, kazi yake ni mkia wa kamba, yaani ile inayoingia ndani ya boti, kuipanga kwenye ndoo kubwa. Wote wamevaa majaketi okozi yaliyofungwa vifungo, si ya kukalia. Kila mmoja wa mbele na katikati ana kisu kifupi mahali mkono unapofika. Viatu vyenye kisigino cha nyuma, siyo ndala. Kamba hupenda ndala.

Maneno ya kazi yawe machache na kila mtu ayajue kabla ya kutoka: *shika, vuta, ngoja, achia, zima*. “Zima” ni la mashine, na mtu yeyote anaweza kulisema. Nahodha anazima kwanza, anauliza baadaye.

Kuvuta, hatua kwa hatua

Ujilie boya ukiwa umeelekea upepo unakotoka. Upepo unakuwa breki yako, na boti haitaipanda kamba. Boya lipite upande wa mvutaji, mbali na nyuma ya boti. Likibaki umbali wa boti moja, nahodha anatoa gia. Mshika kulabu anakamata kamba chini ya boya, boya lenyewe aliache, maana dumu linateleza na ukilikosa unajinyoosha mara ya pili mwili ukiwa nje. Akishaipata anasema “shika”, nahodha anazima mashine kabisa. Gia huru haitoshi, kiwiko kinaweza kuigusa.

Boya na kijiwe chake viingie ndani, mvutaji anapokea kamba. Asivute bado. Kwanza anakusanya kamba iliyolegea mpaka isimame wima juu ya mgono. Ikiwa imelala, boti ndiyo inayosogea kuifuata. Kamba iliyolala ukiivuta, unaburuta mgono kwenye tope na unaulaza ubavu wa boti kwa wakati mmoja.

Mgono uliolala usiku kucha kwenye tope unanata. Usipambane nao kwa mgongo. Zungusha kamba nusu mzunguko kwenye chuma cha kufungia kamba, shika mkia bila kuuzungusha mkononi, subiri. Wimbi likishusha boti, kaza. Likiinua, boti yenyewe inaung'oa. Mara mbili au tatu hivi, utasikia kamba imelegea ghafla: umetoka.

Sasa vuta. Kaa chini, ukiinama juu ya ukingo kiuno kitalipa. Goti moja sakafuni, jingine limeegemea ubavu wa boti, mgongo umenyooka, mikono inapokezana karibu na kifua. Mvuto mfupi mfupi unachosha kidogo kuliko mirefu. Mpokeaji anachukua kila kinachoingia na kukishusha kwenye ndoo, duara juu ya duara. Sakafuni kusiwe na kamba hata mita moja. Na kamba isizungushwe mkononi, kiganjani wala kiunoni, kamwe, hata na mtu mwenye nguvu. Mgono ukiteleza kurudi chini unaondoka na alichofungiwa.

Glavu za mafundi zenye mpira kiganjani zinatosha.

Nusu mita ya mwisho

Ukiuona mgono unakuja juu, weupe wa wavu kwenye maji ya kijani, mvutaji anasema “ngoja”. Mgono ubaki ndani ya maji, juu yake ukiwa sawa na uso wa ziwa. Nahodha na mpokeaji wanahamia upande wa pili wa boti wakae, si wasimame. Hapa ndipo panapohitaji nidhamu, kwa sababu wote wana hamu. Mwanza hatuhitaji somo refu kuhusu uzito kulala upande mmoja: MV Bukoba ilipinduka 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika, MV Nyerere 20 Septemba 2018 ikikaribia gati la Ukara, na vyote vilikuwa vyombo vikubwa kuliko hiki chako.

Ukiwa umeutuliza, angalia kilichomo. Kenge na fisi maji huingia kwenye migono kufuata samaki, na nyoka pia. Kilicho hai kisicho samaki kifungulie mlango hapohapo majini. Kisha inua nusu ya mgono, uegemeze kwenye ukingo, hesabu polepole mpaka kumi. Maji na tope vinamwagika, na kilo kadhaa zinaondoka bure. Ndipo mvutaji na mshika kulabu, kila mmoja akishika upande wa fremu, wanauingiza kwa kuusukuma juu ya ukingo. Utue kwenye gunia lililolowa.

Kata uzi wa mlango, mwaga kwenye beseni. Mikono ikae nje kwanza.

Kamongo anang'ata, na taya zake zinavunja konokono. Mfunike kwa gunia lililolowa, mshike kupitia gunia nyuma ya kichwa, mtie kwenye ndoo yenye kifuniko, na usimhesabu amekufa kwa sababu ametulia. Anapumua hewa kama wewe. Gogogo ni shida ya aina nyingine. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na mmoja kila ubavu, akishtuka anaisimamisha na kuifunga. Atakuwa ameikwamisha kwenye wavu na ukimvuta unaichoma zaidi. Kata uzi mmoja wa wavu, au uvunje mwiba kwa koleo ukiwa umeamua kumla. Utamsikia akikoroma ukiwa unahangaika naye. Jeraha la mwiba wake huuma na kuvimba: lioshe kwa maji safi na sabuni, na likiendelea kuvimba kesho yake nenda zahanati.

Rula iwe imechorwa kwenye benchi. Sato chini ya sentimita 25 na sangara chini ya sentimita 50 wanarudi majini mara moja, hiyo ni sheria. Wanaobaki waingie kwenye deli la barafu palepale. Jua la saa tatu haliwapi hata nusu saa.

Ukikwama

Mgono ulioingia kati ya mawe hautoki kwa kuvutwa juu. Legeza, piga kasia uzunguke upande wa pili wa ulikotega, vuta ukiwa huko kwa mlalo. Jaribu pande zote nne. Ukishindwa, acha boya, weka alama ya mahali kwenye simu, rudi siku yenye maji matulivu au mwombe mvuvi wa hapo. Hakuna kupiga mbizi kuufuata mgono, hata kama rafiki yenu alikuwa bingwa wa kuogelea shuleni.

Kamba ikiingia kwenye propela: zima, shusha nanga, inua mashine, kata ukiwa ndani ya boti. Gugumaji likiwa limezunguka boya, lisogeze kwa kasia kwanza, usiliparamie kwa mashine.

Kutega tena na kurudi

Ndoo iliyopangwa vizuri inajilipa hapa. Badilisha chambo, funga mlango kwa katani mpya, sukuma mgono majini upande ule ambao boti inasukumwa na upepo kuuacha, na kamba itoke yenyewe kwenye ndoo. Mashine imezimwa. Hakuna mguu karibu na ndoo. Boya linatoka la mwisho, linawekwa, halitupwi. Kisha hesabuni mita kumi za kuachana nalo kabla ya kuwasha.

Mkifika, msishushe vitu kwa kuingia maji ya magoti kwenye majani. Kichocho kiko kwenye maji hayo ya pembeni yenye konokono, na Mwanza ni kati ya mikoa inayosumbuliwa nacho sana. Tumieni gati, au buti ndefu. Aliyelowa mara kwa mara apimwe hospitali, dawa yake ipo.

Migono ikirudi nyumbani, ioshwe na ianikwe juani mpaka ikauke kabisa, ili vipande vya gugumaji visisafiri kwenda bwawa jingine. Kamba zianikwe kivulini, jua hulegeza plastiki. Kabla ya kuzihifadhi zipitishe mkononi bila glavu, polepole: penye ukakasi ndipo zilipokwaruzwa na jiwe, kata kipande hicho uunge upya.